Shingo ya binti yangu haikuwa chafu

Kisarawe ukiambiwa "umenenepa" unajibu "ahsante, namshukuru Mungu". Kibaha, hasa kwa sisi tunaoshinda ofisini na shuleni, ukiambiwa neno hilohilo unakwenda kujitazama kwenye kioo. Kutoka kwa mama mkwe wangu hadi kwangu si mbali: unashuka Kiluvya, unaikamata barabara ya Morogoro, umefika. Lakini kwa habari za unene ni kama nchi mbili. Binti yangu ana miaka 12 na anaishi katika nchi zote mbili, na kwa mwaka mzima mwili wake umekuwa ajenda ya kikao kila anapoingia sebuleni.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Nimefundisha vimeng'enya na homoni kwa miaka 14: vimeng'enya vya mate, insulini ya kongosho, wanafunzi wanakariri, wanajibu mtihani, tunasonga mbele. Tena nafundisha kwa Kiingereza. Kuyaeleza mambo hayo kwa Kiswahili, jikoni, mbele ya mama mkwe na wifi, huku mtoto mwenyewe anasikiliza, ni mtihani wa aina nyingine kabisa.

Mtoto alianza kujaa akiwa darasa la nne. Shuleni wakampa jina la Tipwatipwa, na nyumbani kila mtu akawa na maelezo yake. Wifi yangu alisema mtoto mvivu na anakula ovyo. Mume wangu alisema ni mambo ya ukoo, akimaanisha ukoo wangu. Mama mkwe alisema, "Mwacheni mke mwenzangu anawiri, huyo anakaribia kuvunja ungo." Mdogo wake wa kiume, anayekula chungu kilekile na siku nyingine kumzidi, ana miguu kama vijiti vya mishikaki, na hakuna aliyewahi kumwita mlafi.

Halafu likaja suala la shingo. Nyuma ya shingo ngozi yake ilianza kuwa nyeusi na nene, ukiigusa ni kama kitambaa cha mahameli. Wifi akaamua kwamba mtoto haogi vizuri. Siku moja tukiwa Kisarawe akamkalisha uani, akachukua dodoki na sabuni ya mche, akamsugua mpaka ngozi ikachubuka na mtoto akalia. Weusi haukutoka hata kidogo. Kuanzia siku ile binti akawa anafunga kifungo cha juu kabisa cha shati la shule, na joto la Pwani mnalijua.

Nilipomkagua nikakuta weusi uleule kwapani, kulia na kushoto sawasawa. Uchafu hauna mpangilio wa namna hiyo. Nikampeleka hospitali.

Naomba nikae hapa kidogo, mzazi mwenzangu, kwa sababu tangu siku ile nimeangalia shingo za watoto wengi, shuleni, sokoni, hata kwenye daladala, na nimeona madodoki mengi yamepita bure. Hali hii ina jina la kitabibu, akanthosisi nigrikansi. Zipo sababu nyingine za kuitokea, hata baadhi ya dawa, ndiyo maana daktari lazima aangalie. Lakini kwa mtoto aliyeongezeka uzito, mara nyingi ni ishara kwamba insulini imejaa kwenye damu yake. Insulini ikizidi sana inaigusa hata ngozi, seli za ngozi zinaongezeka haraka kuliko kawaida, na sehemu za mikunjo, yaani shingo, kwapa na kinena, ndizo zinazoonyesha kwanza. Kusugua hakuiondoi. Krimu za kung'arisha zitamchubua tu. Inafifia yenyewe pale insulini inaposhuka.

Daktari alipima sukari mtoto akiwa hajala. Ilikuwa sawa. Homoni za tezi ya thairoidi, sawa. Nilipompigia simu wifi akasema, "Si unaona, wifi yangu? Hana ugonjwa. Ni kula tu."

Sukari kuwa sawa si mwisho wa habari. Sukari ya binti yangu ilikuwa sawa kwa sababu kongosho lake lilikuwa linafanya kazi ya ziada, linamwaga insulini nyingi ili kuishusha. Mwili ukishaanza kutoisikia insulini vizuri, kongosho linapandisha sauti. Linaweza kuendelea hivyo miaka mingi, vipimo vya sukari vinaonekana vizuri, mpaka siku linapochoka. Siku hiyo ndiyo tunasema fulani ameanza sukari, kana kwamba imeanza jana.

Watu wengi tunaijua insulini kwa kazi ya sukari peke yake. Kazi yake ya pili, ambayo ndiyo iliyonihusu mimi, ni kwenye mafuta.

Ukila, mafuta yanasafiri kwenye damu yakiwa yamefungwa katika vifurushi vikubwa visivyoweza kupenya kwenye seli. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu inayopita katika mafuta ya mwili kuna kimeng'enya kinaitwa lipoprotini lipesi. Mimi jikoni nilimwita kuli. Kuli huyu anakipasua kile kifurushi vipande vidogo, vipande vinaingia kwenye seli ya mafuta, seli inavifunga upya na kuviweka akiba. Ndani ya seli kuna vimeng'enya vingine vyenye kazi ya kinyume, vinafungua akiba na kuitoa ili misuli na moyo vitumie. Hao ndio wenye ufunguo wa kupakua. Sasa, insulini ikipanda, inamwambia kuli aongeze kasi, na inawaambia wenye ufunguo wakae. Adrenalini, ile inayotoka tukikimbia, inawaambia wenye ufunguo waamke.

Mtoto mwenye insulini ya juu kuanzia asubuhi mpaka usiku ghala lake linapokea zaidi kuliko linavyotoa. Ana akiba ya kutosha na bado anasikia njaa, kwa sababu akiba imefungiwa. Sisi tunamwona ana mwili mkubwa na anaomba kuongezewa wali, tunahitimisha kwamba ni tamaa.

Mama mkwe aliniuliza swali zuri: "Sasa mbona mdogo wake hanenepi, na kuli huyo si anaye?" Anaye. Lakini kila mtoto anazaliwa na vinasaba vyake, na vinasaba ndivyo vinavyosema insulini itoke kiasi gani, kuli afanye kazi kwa bidii gani, na njaa isikike kwa sauti gani. Chungu ni kimoja, maghala mawili tofauti. Wala sisemi wanga peke yake ndio mkosaji, kama wanavyohubiri baadhi ya watu mitandaoni. Chakula chochote kikizidi kinapata njia ya kuingia ghalani.

Ghala lenyewe pia si gunia la kawaida. Gunia halijizai, na hili la mwilini linajizaa. Katikati ya mafuta kuna seli changa ambazo bado hazijaamua, ziko zinasubiri kuitwa. Mwaka 1974 Howard Green na Olaniyi Kehinde, wakiwa Marekani, walitangaza kwamba wamepata seli za panya ambazo zinaweza kukaa kwenye sahani ya maabara zikiwa bapa na za kawaida, kisha zikageuka kuwa seli za mafuta, zikawa mviringo na kujaa matone. Seli za ukoo huo zinatumika maabara hadi leo. Na mchanganyiko ambao wanasayansi wanautumia kuzigeuza una insulini, una deksamethazoni ambayo ni dawa inayofanana na homoni ya msongo, na una kitu cha tatu cha kuamsha mawasiliano ndani ya seli. Kwa siku chache tu ule uwanda wa seli bapa unakuwa mafuta. Mwaka 1994 maabara ya Bruce Spiegelman kule Boston ikaonyesha swichi kuu iliyoko ndani ya seli, protini inayoitwa PPAR gama. Ikiwashwa, seli changa inakuwa ya mafuta, na hairudi tena utotoni.

Insulini na homoni ya msongo. Niliposoma orodha ile nilimfikiria mtoto anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi la shule, anayekunywa juisi ya boksi njiani, anayeitwa Tipwatipwa mstarini. Viungo vya ile sahani ya maabara vyote viwili alikuwa navyo.

Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walitumia njia ambayo hata wanafunzi wangu wa nyuma kabisa darasani huamka wakiisikia. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa angani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliacha kaboni yenye mionzi hewani, mimea ikaivuta, watu wakaila, na kila seli iliyozaliwa ikabeba alama ya mwaka wake. Kwa alama hiyo wakapima umri wa seli za mafuta. Matokeo yao, ya mwaka 2008, yalikuwa haya: kwa mtu mzima idadi ya seli za mafuta karibu haibadiliki. Takriban asilimia 10 hufa kila mwaka na nyingine 10 huzaliwa kuchukua nafasi zao. Hata watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na kupungua kweli, seli zao zilisinyaa tu, idadi ikabaki ileile. Idadi hiyo inajengwa utotoni na ujanani, na kwa wale waliokuwa wanene, ujenzi ulianza mapema zaidi.

Binti yangu bado yuko ndani ya miaka hiyo ya ujenzi. Ndiyo maana sikukubali kuambiwa "akikua atapungua mwenyewe", na sikukubali pia kuambiwa "mnyime chakula".

Tatizo ni kwamba alishayasikia hayo ya kunyimwa chakula kabla sijapata nafasi ya kuyapinga. Siku moja mwalimu wake wa darasa alinipigia. Wiki tatu mfululizo mtoto alikuwa anampa rafiki yake chakula cha mchana, yeye anakunywa maji na kulala juu ya dawati kipindi cha hesabu. Na usiku, wakati tumelala, kiporo cha wali kilikuwa kinapungua kwenye sufuria. Baba yake alikuwa anadhani ni paka.

Hapo ndipo inapoingia leptini. Iligunduliwa mwaka huohuo wa 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na ilibadilisha kabisa namna ya kuyatazama mafuta, kwa sababu inatengenezwa na seli za mafuta zenyewe. Yaani mafuta yanaongea. Yanapeleka taarifa kwenye sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo: akiba ipo, punguza njaa, tumia nguvu bila wasiwasi. Kwa mtu mwenye mafuta mengi leptini ipo tele, ila ubongo umeizoea kiasi kwamba hauisikii vizuri, kama sisi wa kando ya barabara ya Morogoro tusivyosikia tena malori. Lakini mtu akijinyima ghafla, leptini inashuka haraka sana, kabla hata mafuta hayajapungua, na huko kushuka ubongo unakusikia vizuri mno. Unatangaza njaa. Unapandisha hamu ya kula, unapunguza matumizi ya nguvu, mtoto anapoa, anasinzia. Kusinzia kwenye hesabu na kula kiporo saa saba usiku ni jambo moja lenye sura mbili.

Nilipomweleza mama mkwe, nilitegemea abishe. Hakubisha. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwili unaikumbuka njaa kuliko wewe mwenyewe."

Yeye anaijua. Anausimulia mwaka 1974, ukame ulipowakuta watu wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mashamba ya mihogo yakiwa yameachwa nyuma. Anasimulia foleni za duka la ushirika miaka ya mwanzo ya 80 na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, uliokuja kwa meli na ambao watoto waliukataa siku mbili na siku ya tatu wakaula. Kwa mtu aliyepita huko, shavu la mjukuu lililojaa ni fedha benki. Anasimulia pia alivyowekwa ndani alipokuwa mwali, bila kazi, akilishwa vizuri, na siku ya kutoka watu walitazama kwanza mwili. "Mwali aliyekonda alikuwa aibu ya mama yake," anasema. Wakati mwingine nasikia wasomi wenzangu wakiwacheka wazee kwa mambo hayo, nami nachukia. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanasoma alama ya kweli kwa nyakati zao.

Na kwa habari ya kuvunja ungo bibi alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Leptini ni mojawapo ya taarifa ambazo ubongo unazisubiri kabla ya kuruhusu balehe ya msichana ianze. Msichana asiye na akiba huchelewa, mwenye akiba nyingi mara nyingi huwahi. Seli za mafuta zina kimeng'enya kingine, aromatesi, kinachogeuza homoni zenye asili ya kiume kuwa estrojeni, na estrojeni nayo inaelekeza mafuta mapya yakae nyongani na mapajani. Kwa hiyo sehemu ya kujaa kwa msichana wa miaka 11 au 12 ni kazi ya Mungu inayokwenda kwa ratiba yake. Kazi yetu wazazi ni kutofautisha hiyo na ile nyingine, na kwa macho peke yake huwezi. Kuna chati za Shirika la Afya Duniani za umri wa miaka 5 hadi 19 zinazolinganisha uzito, urefu na umri wa mtoto. Jedwali la watu wazima la ukutani halimfai.

Hapa nina dukuduku langu. Mtoto Tanzania anapimwa kila mwezi kwenye kadi ya kliniki mpaka atimize miaka mitano. Baada ya hapo anaweza asipande mzani tena mpaka awe mjamzito. Mfumo wetu ulijengwa kuwatafuta watoto waliokonda, na ni haki, maana utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta watoto 34 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini utafiti huohuo ulikuta wanawake 28 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Hawa walikuwa watoto juzi tu, na katikati hapo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Homoni ya msongo, kotisoli, ilinisumbua kwa sababu inaingia kwa milango mingi. Mtoto kutolala vya kutosha ni mlango. Kuzomewa kila siku ni mlango. Na seli za mafuta, hasa za tumboni, zina kimeng'enya chao kinachoifufua kotisoli iliyokuwa imezimwa, papo hapo ndani ya mafuta, hata kama kwenye damu haijazidi. Mwaka 2001 watafiti waliwaongezea panya kimeng'enya hicho kwenye mafuta tu. Panya wale wakaota vitambi na kupata dalili za kisukari.

Mlango mwingine ni dawa. Mtoto anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu anaweza kujaa uso na tumbo, na kama mwanao anaitumia kwa pumu au ugonjwa mwingine usiikatishe. Ongea na daktari. Lakini wapo wanaokunywa dawa za jamii hiyo kwa makusudi ili wanenepe. Deksamethazoni, ileile ya sahani ya maabara, inauzwa kwa minong'ono kama kidonge cha kuongeza mwili. Ukiona binti wa chuo uso umekuwa mviringo kama sahani na mikono imebaki myembamba, usimpongeze haraka.

Upande wa pili wifi yangu alileta chai ya kukata mafuta, paketi ya kijani yenye picha ya kiuno. Nikasoma viambato. Kilichotangulia kilikuwa sanamaki. Sanamaki inaharisha; inatoa maji na kinyesi, na kwa kuli na wenye ufunguo haina habari yoyote. Nikamshukuru na kuiweka kabatini, maana wifi ni wifi.

Kuna utafiti mmoja wa hapa kwetu ambao ulinisaidia kuongea na familia bila kugombana. Watafiti wa Italia na Marekani waliwapima watu wa vijiji vya Tanzania, jamii za ukoo mmoja, wengine wakiishi kando ya ziwa na kula samaki kwa wingi, wengine wakiishi mbali na ziwa na kula zaidi mboga na nafaka. Ulitokana na kazi iliyoanzia Lugalawa, Ludewa, na taarifa yake ya leptini ilitoka mwaka 2002. Uzito wa makundi yote mawili ulikuwa unalingana. Lakini walaji samaki walikuwa na leptini ya chini zaidi, hata ukizingatia mafuta waliyokuwa nayo mwilini. Sitaki kuutumia kusema samaki wanakondesha, haukusema hivyo. Ninachokipenda ni kwamba watu wawili wa mzani mmoja wanaweza kuwa na mazungumzo tofauti kabisa ndani ya mafuta yao, na tofauti ikatoka kwenye kile wanachokula. Mama mkwe aliposikia habari za samaki alifurahi, akasema yeye siku zote anasema dagaa ni dawa. Sikumpinga.

Tulichofanya nyumbani hakina maajabu. Hakuna chakula cha binti na chakula cha wengine. Sote tumebadilika, pamoja na yule wa miguu ya mishikaki. Soda imerudi kuwa ya sikukuu, kwa sababu chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Asubuhi anakula kabla ya kutoka, yai na muhogo wa kuchemsha au uji usio na sukari nyingi, na mchana anapeleka chakula chake na anakila. Wali umepungua kwenye sahani, matembele na maharage yameongezeka. Basi la shule tumeliacha, baba yake anampeleka, na hiyo imempa saa moja zaidi ya kulala. Jioni anacheza rede na watoto wa jirani mpaka magharibi. Misuli inayofanya kazi inachukua sukari bila kuihitaji sana insulini, na kwa maoni yangu hilo lina thamani kuliko kilo anazopunguza, ambazo ni kidogo.

Kilichokuwa kigumu ni kanuni ya maneno. Tulikubaliana kwamba hakuna mtu wa kuuzungumzia mwili wake mbele yake, kwa kusifu wala kwa kukosoa. Bibi alilalamika sana. "Sasa nikimwona nimwambie nini? Habari za masomo?" Nikamwambia ndiyo, mama, habari za masomo. Siku hizi anamuuliza habari za masomo kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa, kisha anamwongezea kipande cha fenesi. Wifi alikaa mwezi mzima bila kuja. Amesharudi, na dodoki halijatajwa tena.

Imepita miezi saba. Uzito haujashuka, umesimama palepale, ila mtoto ameongezeka sentimita nne, na daktari anasema kwa mtoto anayekua hiyo ndiyo safari yenyewe: uzito usubiri, urefu uufikie. Shingo imepungua weusi kidogo upande wa kushoto, au labda mimi ndiye ninayetaka kuona hivyo. Tunarudi hospitali mwezi ujao kupimwa tena. Binti ameomba safari hii aingie mwenyewe kwa daktari, mimi nikae nje kwenye benchi. Ana maswali yake ameyaandika nyuma ya daftari la sayansi, na hajaniruhusu kuyasoma.